Mdogo wangu kachaguliwa Sayansi ya Siasa na Menejimenti ya Uendeshaji, zimebaki siku 5. Kwa sisi wa Mtwara ipi inatufaa?

#1 Mtoto wa Nanguruwe
Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), kafaulu vizuri. Kachaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, kingine ni Menejimenti ya Uzalishaji na Uendeshaji. Anatakiwa athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri, na dirisha linafungwa baada ya siku 5. Baba anataka siasa, anasema nyumba yetu haijawahi kuwa na mtu wa kusimama mbele ya mkuu wa wilaya. Mama anauliza hiyo uendeshaji ni udereva?

Mimi nina sababu yangu ya kuuliza. Msimu wa korosho uliopita nilisindikiza mzigo wa AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hadi ghala kuu, ghala lenyewe silitaji. Nimelala siku 4 chini ya Fuso na utingo wake, foleni haisogei. Usiku wa tatu mvua ikapiga, turubai lina tundu, maji yakaingia gunia za upande wa kushoto. Gunia 38, nilizihesabu kwa mkono. Zikarudishwa kuanikwa upya, na baadaye zikaingia daraja la pili. Kuna wazee kijijini wanajua hasa wamepoteza shilingi ngapi kwa usiku ule mmoja.

Kwa hiyo swali langu ni hili: foleni ile ingetibiwa na mtu aliyesoma kozi ipi kati ya hizi mbili? Mimi nasema uendeshaji. Nataka nisikie wenye hoja.

#2 Chuno Juu
Uendeshaji, bila kufikiri mara mbili. Mimi nimesoma siasa, nimemaliza 2019, leo nauza vifaa vya umeme Masasi. Nimeomba kazi serikalini hadi nywila ya akaunti ya maombi naikumbuka kuliko namba ya NIDA.

#3 Binti Newala
@Chuno Juu pole, lakini usimtishe mtoto wa watu. Nimesoma siasa na utawala wa umma pia, nipo kazini halmashauri moja huku huku kusini mwaka wa tano. Utawala wa umma ndani ya kozi ile ndio ulionibeba. Siku ya usaili sikuulizwa Machiavelli, niliulizwa bajeti ya halmashauri inapita vikao gani, mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka gani, diwani anaishia wapi na mtendaji anaanzia wapi. Anayesoma nadharia tupu na kuukimbia upande wa utawala ndiye anayekwama.

#4 Mzee wa Ligula
Wajukuu zangu, mnabishana juu ya jambo ambalo ardhi yenu hii ilishatoa mfano.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Vita vilikuwa vimewaacha hawana mafuta ya kupikia, wakaamua karanga zilimwe Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Wakaleta matrekta, nyingine zikiwa mabaki ya vita, kabla ya kupima mvua na udongo vya kutosha. Kongwa udongo ukikauka unakuwa kama tofali, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 wakaufuta, zimeshateketea pauni milioni 36. Na huku kwetu wakajenga bandari ya Mtwara yenye kina kirefu na reli hadi Nachingwea, kwa ajili ya mzigo ambao haukuja.

Sasa niambieni, lile lilikuwa kosa la uendeshaji au la siasa? Mhandisi yeyote angesema tupime kwanza ekari chache. Mwanasiasa wa London hakuwa na muda, watu wake walikuwa na njaa ya mafuta na Bunge lilikuwa linamtazama.

#5 Mnazi Mmoja Lindi
Shikamoo mzee. Nyongeza kidogo kwa heshima ya Lindi: reli ile ilianzia Mkwaya, upande wetu, ikaunganishwa na Mtwara baadaye. Watu wa Mtwara kila kizuri mnajiandikisha nyinyi.

#6 Mzee wa Ligula
Marahaba. Ni kweli, Mkwaya ilitangulia. Na reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa hiyo hatuna ya kugombania.

#7 Karani wa Mizani
Naomba niseme kuhusu foleni maana nimeketi ndani ya geti msimu 3, ghala tofauti na la mleta uzi nadhani, lakini maghala haya yanafanana.

Gari likiingia: nyaraka za AMCOS zinakaguliwa, sampuli inachukuliwa, unyevu unapimwa, korosho zinakatwa moja moja kutazama kiini, mzigo unapita mizani, makuli wanashusha na kupanga juu ya chaga, kisha ndipo stakabadhi inaandikwa. Watu wa nje wanaona mizani tu, wanailaumu mizani. Kinachochelewesha ni nyaraka. AMCOS inaleta gunia 120 na karatasi inasema 118. Hapo gari linasimama hadi katibu apigiwe simu, na katibu yuko shamba hakuna mtandao.

Siku nzuri tulipokea magari 15. Nje siku zile za Novemba yalikuwa yanafika 60.

#8 Hesabu na Chaki
@Karani wa Mizani umenipa namba mbili nilizokuwa nazitafuta. Mwaka 1961 mtu anaitwa John Little, Mmarekani, alithibitisha kanuni fupi sana: idadi ya wastani ya vitu vilivyo ndani ya foleni ni sawa na vinavyoingia kwa siku mara siku ambazo kila kimoja kinakaa. Foleni ikiwa imetulia, haikui wala haipungui, kanuni inasimama, iwe benki, hospitali au ghala.

Magari 60 gawanya kwa 15. Unapata 4. Mleta uzi kalala siku ngapi chini ya Fuso? Siku 4.

Hicho ndicho anachokwenda kusoma mdogo wako. Ukishapata hizo namba unaanza kutafuta panapobana. Hatua 7 alizotaja Karani, moja tu ndiyo inayoamua kasi ya zote. Ukiongeza mizani ya pili wakati panapobana ni makuli, umetupa fedha.

#9 Mtoto wa Nanguruwe
Nimesisimka hapo. Ile 4 nilidhani ni bahati yangu mbaya.

#10 Wa Tandahimba
Hesabu nzuri, lakini inasema nitakaa siku ngapi, haisemi kwa nini magari yanakuja siku moja yote. Mimi ni mjumbe wa bodi ya AMCOS. Mnada ukitangazwa, kila chama kinataka mzigo wake uwe ghalani na uingie kwenye orodha ya mnada ule, kwa sababu bei ya mnada unaofuata hakuna anayeijua. Mkulima ananijia nyumbani saa 11 alfajiri: mbona wenzetu wa kijiji cha pili wamepeleka? Ukichelewa unasemwa, uchaguzi wa bodi ukifika unang'olewa. Kwa hiyo tunapeleka wote kwa pamoja, tukijua kabisa tutasimama. Sijui kama kozi ya uendeshaji ina dawa ya hofu.

#11 Binti Newala
@Wa Tandahimba ulichokieleza ndicho tulichosoma mwaka wa pili. Kila mmoja anafanya kinachomfaa yeye, na wote wanaumia. Mchumi Mancur Olson aliandika habari hizo 1965. Kisha akaja Elinor Ostrom akaonyesha kwamba si lazima iishe vibaya: wavuvi, wachungaji na wakulima wa skimu za maji sehemu nyingi duniani wamejitungia zamu na adhabu zao na zikadumu. Alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, na shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya sayansi ya siasa. Kwa hiyo dawa ya foleni inaweza kuwa zamu waliyokubaliana AMCOS wenyewe, na mtu wa kuisimamia. Kuandika ratiba si kazi kubwa. Kazi ni kuwafanya watu 40 wenye mashaka waiheshimu.

#12 Chuno Juu
Hapo kwenye kuiheshimu ndipo pagumu. Ratiba ipo, halafu gari la mtu linachomekea.

#13 Karani wa Mizani
Linachomekea. Sikatai.

#14 Mpagazi Mstaafu
Na makuli hamtusemi? Tunalipwa kwa gunia. Gari moja linashushwa na kundi moja, saa nzima na zaidi, na gunia la korosho ni kilo 80 shingoni. Mkiongeza makundi mtaona foleni inavyokwisha. Hakuna anayetaka kuongeza kwa sababu wiki mbili baadaye kundi la ziada halina kazi. Mimi sina digrii lakini jibu lilikuwa mgongoni kwangu.

#15 Ming'oko kwa Samaki
Mnasahau upande wa kutokea. Ghala likijaa hupokei hata uwe na makundi 10 ya makuli. Mnunuzi kashinda mnada, hajaondoa mzigo, anasubiri meli au kontena. Foleni ya getini mzizi wake uko bandarini.

Halafu stakabadhi ghalani yenyewe, huu mfumo wa kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, ilianza 2005, miaka yote hiyo bado tunajifunza kupokea gunia?

#16 Mnazi Mmoja Lindi
@Ming'oko sheria ndiyo ya 2005. Kwenye korosho mfumo ulianza Mtwara msimu wa 2007/08, Lindi tukafuata. Usiuzeeshe.

Na tukumbushane 2018. Minada ilikwama kwa sababu ya bei, Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba. Nilisimama barabarani nikaangalia malori yale. Bei iliamuliwa kwa siku chache. Kuhakiki mashamba, kulipa, kuhifadhi na kutafuta mnunuzi wa mzigo wote ule kulichukua miezi na miezi. Uamuzi ni wa siasa, lakini kila saa iliyofuata ilikuwa ya uendeshaji. Ndiyo maana nasema mwenye kozi moja tu kati ya hizi anaona nusu ya jambo.

#17 Hesabu na Chaki
Nakubali #16 kwa sehemu. Kuna mtu alizibeba zote mbili: Herbert Simon. Uzamivu wake ulikuwa wa sayansi ya siasa, Chuo Kikuu cha Chicago, 1943. Baadaye yeye na wenzake wakatengeneza hesabu za kupanga uzalishaji na akiba kiwandani. Nobeli ya uchumi akapata 1978. Hoja yake kubwa ni kwamba mtu akiamua jambo hapimi kila njia mpaka aipate iliyo bora kabisa, hana muda wala taarifa za kutosha, anachukua ya kwanza inayotosheleza. Hebu msomeni tena Wa Tandahimba kwenye #10, saa 11 alfajiri, mkulima yuko mlangoni.

#18 Ugavi Daima
Mimi ni afisa ugavi, niongee vya kazini. Kwanza msichanganye: menejimenti ya uendeshaji na ununuzi na ugavi ni ndugu, si pacha. Kazi ya ununuzi serikalini inataka usajili wa bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na mitihani yao si mchezo. Mdogo wako aulize mapema kama shahada ile inamwingiza moja kwa moja au ataongeza masomo. Anayetaka ugavi mtupu, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi hapa hapa Mtwara na kozi hiyo ipo, analala nyumbani.

Pili, somo litakalomfaa huku ni la akiba. Mwaka 1913 Ford Harris alitoa kanuni ya kiasi cha kuagiza kila mara ili gharama ya kuagiza na ya kutunza zikae sawa. Angalieni magunia ya korosho: yanatoka nje ya nchi, yakichelewa korosho inalala sebuleni.

#19 Hesabu na Chaki
@Ugavi Daima samahani, hapo kwa Harris umeteleza. Kanuni yake inataka matumizi yawe yale yale mwaka mzima, kama chumvi dukani. Gunia la korosho unaagiza mara moja kabla hujajua mavuno, msimu ukipita lililobaki linalala na panya. Hilo ni tatizo la muuza magazeti: ukinunua machache unakosa wateja, ukinunua mengi jioni unafungia vitumbua. Hesabu yake ni nyingine, unapima hasara ya kukosa dhidi ya hasara ya kubakiza. Gunia likikosekana hasara ni korosho, likibaki hasara ni gunia. Kwa hiyo agiza kuzidi.

#20 Ugavi Daima
Nimekubali. Nilikuwa naiwaza stoo ya ofisi. Asante.

#21 Mpagazi Mstaafu
Agiza kuzidi kwa fedha ya nani? Gharama inarudi kwenye makato ya mkulima.

#22 Wa Tandahimba
HAPO! Mjengeko wa bei uletwe hapa tuujadili, uzi utafika ukurasa wa 50.

#23 Chuno Juu
Kaka, tumwokoe kwanza dada yetu, dirisha linafunga.

Kwa faida ya baba yake: kusoma siasa hakukupi uongozi. Hayati Mkapa, wa Lupaso pale Masasi, alisoma Kiingereza Makerere. Majaliwa wa Ruangwa alianza kama mwalimu. Museveni ndiye aliyesoma siasa, tena Makerere.

#24 Binti Newala
Museveni kasoma Dar es Salaam kaka, kamaliza 1970, uchumi na siasa. Mlimani iliwapa watu wengi wa ukombozi darasa miaka ile.

#25 Ming'oko kwa Samaki
1970 ndipo chuo kilipoanza, kwa hiyo kamaliza siku kilipofunguliwa?

#26 Binti Newala
Kilianza 1961, mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na kitivo cha sheria peke yake. Kikaja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. 1970 ndipo kiliposimama peke yake.

#27 Bi Mikindani
Nimesoma yote kimya. Nina mabinti wawili, mmoja kasoma kila kozi kati ya hizi, naomba niseme ninachokiona nyumbani.

Wa uendeshaji yuko kiwandani, mkoa mwingine. Akija likizo hatulii. Aliniambia mama, kila asubuhi unakwenda kisimani mara 3 kwa kuwa ndoo kubwa umeifanya pipa la unga. Tukabadilisha vyombo, sasa nakwenda mara moja. Wa siasa yupo hapa Mtwara, anafanya kazi na vikundi vya akina mama wa mwani. Siku ya mkopo wa halmashauri kikundi kilitaka kupasuka, mwenyekiti na mweka hazina hawasalimiani. Alikaa nao mkekani tangu adhuhuri hadi magharibi. Sikumsikia akitaja mwanafalsafa. Alikuwa anauliza tu: nani aliamua, nani hakuambiwa?

Wote wawili walisota kabla ya kazi, mmoja miezi 14, mwingine miaka 2 kasoro. Sitasema ni yupi, mtaanza kuhesabu.

#28 Mtoto wa Nanguruwe
Shikamoo Bi Mikindani. Hilo la nani hakuambiwa limenikaa. Siku 4 zile hakuna aliyetoka ndani kutuambia lolote.

Wakuu, mdogo wangu kausoma uzi wote jana usiku. Leo asubuhi kaniaga anakwenda ghalani, mbaazi zinapokewa sasa hivi. Kachukua daftari na saa ya mama. Nikamwachia simu aandike mwenyewe.

#29 Mtoto wa Nanguruwe
Shikamooni. Ni mimi mdogo mtu, natumia akaunti ya kaka.

Nilikaa kwa mama ntilie mbele ya geti saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Baadaye mlinzi aliniruhusu nisimame kivulini kwa ndani. Nimeandika hivi:

Magari yaliyoingia na kushushwa ni 11. Sampuli ya gari moja, kijana anachoma gunia kwa bambo, anamimina mbaazi kwenye sinia, anapima unyevu: dakika 12 hivi. Mizani haifiki nusu saa. Kushusha ni saa 1 na dakika 5, na makundi ya makuli ni mawili. Nyaraka zilikwamisha gari 1 tu, kwa dakika 20.

Lakini saa 6 hadi saa 8 mchana hakuna gari lililosogea. Swala na chakula makuli walikwenda kwa zamu, kundi moja lilibaki limekaa. Mizani ilikuwa wazi. Niliambiwa chaga za upande wa kulia zimejaa, wanasubiri kibali cha kumtolea mnunuzi mzigo wake.

#30 Hesabu na Chaki
Binti, umefanya kazi ya muhula mzima. Tazama: makundi 2, kila gari dakika 65, saa 6 za kazi halisi. Inatoka 11, namba yako ile ile. Zile saa 2 zisingepotea mngefika 14 au 15, namba ya Karani wa #7. Kwa hiyo panapobana ni kushusha, Mpagazi alikuwa sahihi.

#31 Ming'oko kwa Samaki
Aliyekuwa sahihi ni mimi. Saa 2 zimekufa kwa sababu ya mzigo usiotoka.

#32 Karani wa Mizani
Hiyo ni siku moja, tena ya mbaazi. Mje Novemba mwone nyaraka.

#33 Mtoto wa Nanguruwe
Bado mdogo mtu. Kuna kitu sikukiandika kwa sababu sikujua nikiweke safu gani. Ndani ya zile saa 2, magari 2 yalitoka nyuma kabisa ya foleni yakaingia, yakapaki upande wa kushoto. Hayamo kwenye 11, hadi naondoka yalikuwa hayajashushwa. Kama upande wa kulia umejaa na wa kushoto una nafasi, kwa nini wale wa mbele hawakuitwa?

#34 Wa Tandahimba
Yalikuwa ya nani?

#35 Mtoto wa Nanguruwe
Niliuliza watu wawili. Mmoja alisema ni mzigo uliokataliwa juzi umerudi, wana haki ya kutangulia. Wa pili alinitazama, akaniuliza nimetumwa na nani.

#36 Binti Newala
Mdogo wangu, hilo la pili liandike pia, na saa yake.

#37 Bi Mikindani
Usiende peke yako tena. Umethibitisha chuo?

#38 Mtoto wa Nanguruwe
Bado, bibi. Namba ya siri imeshaingia kwenye simu, mwisho kesho kutwa saa 6 usiku. Kesho narudi na kaka, yeye atahesabu kushusha, mimi nitasimama upande wa kushoto.